Viko vya Kale vya Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu viko vya tumbaku vya mti wa braia vilivyotengenezwa Uingereza, hasa London, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1970. Umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kununua kiko cha namna hiyo, aliyerithi kimoja, au aliye nacho mkononi na hajui aanzie wapi kukisafisha. Mwenye haraka asome kwanza swali la majina na mihuri, yaani alama zilizogongwa kwenye mbao, na lile la mambo ya kuepuka, maana viko vingi vizuri vimeharibiwa na watu waliokuwa na nia njema na kipande cha msasa.

Sehemu za kiko zinaitwaje?

Kichwa kinachojazwa tumbaku ni bori, na tundu lililo ndani yake tunaliita chumba. Kutoka kwenye bori huanza shingo, ambayo ni mbao ileile moja. Kipande cheusi kinachotiwa mdomoni ni mdomo wa kiko. Mwisho wa mdomo huo una kijiti cha mviringo kinachoingia shingoni, yaani ulimi. Njia ya moshi ni tundu jembamba linalotoka chini ya chumba, kupitia shingo na ulimi, hadi kwenye meno. Ukoko ni tabaka jeusi la kaboni linalojengeka kwenye kuta za chumba kiko kinapovutwa.

Braia ni mti gani, na kwa nini ndio uliochaguliwa?

Ni kichaka kiitwacho kitaalamu *Erica arborea*. Kinachotumika si tawi wala shina bali kinundu kinachoota kati ya mizizi na shina, chini ya udongo au juu yake kidogo. Mti huohuo huota hata kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, lakini vinundu vilivyolisha karakana za London vilitoka nchi za Mediterania: Algeria, Corsica, Calabria, Sardinia na Ugiriki. Kinundu kina nyuzi zilizosongamana, kinastahimili joto, hakiungui kwa urahisi, na hunyonya unyevu wa moshi bila kupasuka.

Baada ya kuchimbwa hukatwa vipande na kuchemshwa majini kwa saa nyingi, mara nyingi 12 hadi 24, ili utomvu na tanini zitoke. Kisha hukaushwa polepole kwa miezi mingi, au miaka. Kipande kilichokaushwa haraka hupasuka karakanani. Kikiponea huko, humpa mvutaji ladha chungu isiyoisha.

Uingereza iliingiaje katika kazi hii?

Kabla ya braia Waingereza walivuta viko vya udongo wa mfinyanzi, vyeupe, vyembamba na vyepesi kuvunjika. Viko vya braia vilianza kutengenezwa kwa wingi katika mji wa Saint-Claude, milima ya Jura nchini Ufaransa, katikati ya karne ya 19. Ujuzi huo ulivuka bahari pamoja na watu. Familia ya Comoy ilikuwa ikitengeneza viko Saint-Claude tangu 1825, na mwaka 1879 Henri Comoy akahamia London kuanzisha karakana. Frederick Charatan, mhamiaji kutoka Urusi, alikuwa amekwisha kuanza kazi London mwaka 1863. Barling walikuwa mafundi wa fedha tangu 1812, na kwa hiyo waliingia kwenye viko wakiwa tayari na jicho la sonara. Alfred Dunhill alifungua duka la tumbaku mtaa wa Duke Street mwaka 1907, na mwaka 1910 akaanza kutengeneza viko vyake mwenyewe.

Ubora wenyewe uko wapi hasa?

Hapa watu hudanganyika na jina. Jina lina bei, lakini ubora unaonekana na kushikika, na unaweza kuupima bila kujua kusoma muhuri hata mmoja.

Anza na uzito. Kiko kilichonyooka cha Kiingereza cha ukubwa wa kati, chenye urefu wa kama sentimita 14, huwa na gramu 30 hadi 45. Wepesi huo si mapambo: kiko cha gramu 60 kikining'inia kwenye meno kwa nusu saa huchosha taya. Mafundi wa London waliupata kwa kupunguza mbao mahali isipohitajika, hasa shingoni, huku wakiacha unene wa kutosha chini ya bori na kwenye kuta zake, ambako moto hukaa.

Pili, tazama tundu. Njia ya moshi inapaswa kutokea katikati kabisa, chini ya chumba, isiwe juu ya sakafu yake wala isichimbe chini yake. Ikitokea juu kwa milimita mbili au zaidi, tumbaku ya chini haiungui sawasawa na hugeuka tope. Ikienda pembeni, upande mmoja wa chumba huungua zaidi ya mwingine. Kwenye kiko kilichonyooka, waya wa kusafishia unatakiwa upite kutoka mdomoni hadi chumbani bila kung'oa mdomo na bila kukwama.

Tatu, angalia mahali mdomo unapokutana na shingo. Pitisha ukucha. Kwenye kazi nzuri ukucha hauhisi ngazi, kwa sababu mdomo na shingo vilipigwa msasa vikiwa vimeunganishwa. Ulimi nao unapaswa kufika karibu na mwisho wa tundu lake ndani ya shingo. Pakibaki nafasi pana, moshi hupoa ghafla hapo, maji hujikusanya, na kiko huanza kukoroma.

Nne, na kwetu hili ndilo kubwa, mdomo wenyewe. Viwanda bora vilikata mdomo kwa mkono kutoka kwenye fimbo ya vulkanaiti, yaani mpira uliokazwa kwa salfa. Sehemu ya meno ilichongwa ikawa nyembamba, milimita nne hivi, na tundu la moshi likapanuliwa kwa mlalo kama feni ili moshi usije kama sindano inayochoma ulimi wa mvutaji. Mdomo wa bei nafuu umemiminwa kwenye kalibu, ni mnene, na tundu lake la mwisho ni duara dogo. Funga macho, weka meno kwenye mdomo wa Barling wa miaka ya 1930, na utaelewa kwa nini watu hulipa.

Mapambo ya nyuzi huja mwisho. Nyuzi zilizonyooka kutoka chini kwenda juu ni adimu na zinapendeza, lakini haziongezi ladha wala ubaridi wa moshi.

Kwa nini baadhi ya viko vina uso wa mikunjo kama gome?

Hivyo vimepulizwa mchanga. Bori hupigwa na chembe zinazosukumwa kwa hewa, sehemu laini za mbao zinaondoka na zile ngumu zinabaki zimesimama. Dunhill aliomba hataza ya njia hiyo mwaka 1917 na kuviita viko hivyo Shell. Braia ya Algeria ilikuwa laini kiasi, kwa hiyo Shell za miaka ya 1920 na 1930 zina mabonde ya kina ambayo wapenzi huyatafuta sana. Uso wa namna hii hutoa joto vizuri na ni mwepesi zaidi. Dunhill pia waliloweka mabori kwenye mafuta ya zeituni kwa wiki kadhaa, kisha wakayapasha moto mpaka mafuta yatoke, na wapo wanaovitafuta viko vyao kwa sababu ya ladha inayotokana na hatua hiyo.

Ni majina gani ya kutafuta, na nitayatambuaje?

Dunhill ana doa jeupe upande wa juu wa mdomo. Doa hilo lilianza kuwekwa katika miaka ya 1910 kwa sababu ya kawaida kabisa: mdomo uliokatwa kwa mkono unafanana juu na chini, na wateja walikuwa wakiuweka kinyume. Kati ya aina zake, Bruyere ni nyekundu iliyoiva, Shell imepulizwa mchanga, Root Briar iliyoanza mwaka 1931 huonyesha nyuzi za mbao waziwazi, na Tanshell ya mwaka 1952 ni Shell ya rangi ya hudhurungi. Doa jeupe peke yake si ushahidi, kwa kuwa watengenezaji wengine pia waliweka madoa. Soma muhuri wa shingoni.

Barling ndio tunaowaheshimu kuliko wote kwa mdomo na kwa mbao. Ukubwa wameuandika kwa herufi: SS, S, S-M, L, EL, EXEL na kuendelea. Ukiona "Ye Olde Wood" pamoja na "Barling's Make", umeshika kitu cha maana. Familia iliuza biashara mwaka 1960. Mwaka 1962 ulikuja mfumo mpya wa namba za maumbo zenye tarakimu nne, kwa hiyo namba ya tarakimu nne inakuambia mara moja kwamba kiko ni cha baada ya enzi ya familia. Bei hushuka kwa kiasi kikubwa hapo, na ni haki ishuke.

Comoy's huweka herufi C kwenye mdomo. C ya zamani imeundwa kwa vipande vitatu: duara jeupe limetiwa kwenye tundu, katikati pakatobolewa tena na kujazwa cheusi, kisha upande mmoja ukatobolewa ili duara liwe C. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa imechapwa tu juu ya uso, mdomo si wa enzi nzuri au umebadilishwa. Blue Riband ndiyo daraja lao la fahari.

Sasieni alikuwa mfanyakazi wa Dunhill aliyeondoka na kufungua kazi yake mwaka 1919. Viko vyake vizuri vina nukta nne za samawati kwenye mdomo, na maumbo mengi yamepewa majina ya miji ya Uingereza badala ya namba. Enzi ya familia iliisha mwaka 1979.

Charatan ni wakubwa, wazito kidogo, wakarimu wa umbo. Vile vya baada ya 1960, kampuni ilipoingia mikononi mwa Herman Lane, mfanyabiashara wa Marekani, mara nyingi vina herufi L ndani ya duara shingoni, na vingi vina mdomo wenye ngazi mbili sehemu ya meno.

Wengine wa kuangalia ni GBD, ambao asili yao ni Paris, BBB, Loewe na Ben Wade. Peterson si Kiingereza, ni wa Dublin, Ireland, ingawa wauzaji wengi huvichanganya.

Nasomaje tarehe kwenye Dunhill?

Tafuta maneno MADE IN ENGLAND. Baada ya herufi D ya mwisho kuna tarakimu ndogo. Kuanzia miaka ya 1960, jumlisha tarakimu hiyo na 1960: 5 ni 1965, 14 ni 1974, 20 ni 1980. Tatizo ni kwamba miaka ya 1930 nayo ilitumia namba kama 11 na 14, zikihesabiwa kutoka 1920. Kinachotofautisha ni namba ya hataza: viko vya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 mara nyingi vimegongwa namba hiyo shingoni, na vya baadaye havina. Kwa hiyo 14 yenye namba ya hataza ni 1934, na 14 isiyo nayo ni 1974. Tarakimu moja peke yake inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu miongo kadhaa imeitumia, na hapo utategemea hataza, umbo la herufi na alama ya ukubwa. Namba 1 hadi 6 iliyo ndani ya duara ni ukubwa wa bori, si tarehe. Kosa la kusoma duara kama mwaka ni la kila siku.

Pete ya fedha iliyo shingoni ina alama ndogo nne. Zinasemaje?

Simba anayetembea maana yake fedha halisi ya kiwango cha 925. Kichwa cha chui ni ofisi ya London inayopima usafi wa fedha, nanga ni Birmingham, miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester, ofisi iliyofungwa mwaka 1962. Herufi moja ni mwaka, na kila ofisi ina mpangilio wake wa herufi, kwa hiyo tambua mji kwanza ndipo utafute mwaka. Herufi za mwisho ni za fundi au kampuni. Kumbuka kwamba mwaka huo ni wa pete. Pete inaweza kuwa imewekwa baadaye kufunika ufa, hivyo kama haina jina la mtengenezaji wa kiko, au imekaa juu ya muhuri wa mbao, uliza maswali.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Kama unanunua mtandaoni, dai picha za pande zote mbili za shingo, picha ya ndani ya chumba kikiwa kimemulikwa kwa tochi, picha ya ukingo wa bori kutoka juu, mdomo umeng'olewa, na uso wa shingo unaoonyesha tundu. Muuzaji anayekataa kung'oa mdomo ana sababu.

Ufa wa shingo ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote. Huanzia kwenye tundu la ulimi kwa sababu mtu alilazimisha mdomo uliovimba, au aliuzungusha kiko kikiwa bado moto. Ni mwembamba kama unywele, na huonekana vizuri shingo ikiwa na unyevu kidogo. Fundi anaweza kuufunga kwa pete, lakini bei inapaswa kushuka.

Ndani ya chumba, tafuta sehemu ya mbao iliyogeuka makaa na kulegea. Iguse kwa ncha ya bisibisi ndogo: mbao nzima inalia kavu, iliyoungua inabonyea. Kwa nje, alama yake ni doa jeusi linalong'aa tofauti na mbao inayolizunguka. Kiko hicho kinakaribia kutoboka.

Ukingo wa bori ukitazamwa kutoka juu unatakiwa uwe duara. Ukiwa yai, mtu alikwangua kwa kisu na kula mbao. Ukingo ukiwa bapa na mkali kuliko picha za umbo hilohilo, mtu aliupunguza kwa msasa.

Na muhuri. Kiko cha jina kubwa chenye muhuri uliofutika kina nusu ya thamani au pungufu, na hakuna ufundi wa kuurudisha.

Nakisafishaje bila kukiharibu?

Utahitaji spiriti ya asilimia 95 au zaidi, vijiti vya masikio, nyaya za kusafishia zenye pamba, pamba ya kawaida, mswaki laini, kikwangulio cha duara, msasa wa maji na nta ya kanauba. Tenga siku mbili. Kazi yenyewe si kubwa, kinachokula muda ni kusubiri.

Ng'oa mdomo kiko kikiwa baridi kabisa. Shika shingo, si bori, na uzungushe taratibu upande mmoja huku ukivuta. Ukikataa, weka kiko kwenye friza kwa nusu saa, maana mpira husinyaa kuliko mbao. Bado unakataa? Inamisha kiko, tia matone machache ya spiriti kupitia chumbani yafike shingoni, subiri saa moja ili lami ilainike, kisha jaribu tena. Nguvu ndiyo inayopasua shingo.

Punguza ukoko hadi unene wa milimita moja hivi. Ukoko mnene hupanuka kwa joto kuliko mbao na kupasua bori, na ukoko uliokwisha wote huacha mbao tupu mbele ya moto. Tumia kikwangulio kinachozunguka, anza na ukubwa mdogo, na usimalizie kwa kisu chenye ncha.

Kwa shingo, chovya kijiti cha masikio kwenye spiriti, zungusha ndani, tupa, rudia. Vitatoka vyeusi, kisha kahawia, kisha rangi ya chai. Vijiti 20 hadi 30 kwa kiko kimoja ni kawaida. Angalia spiriti isidondoke nje ya bori: inayeyusha rangi ya zamani papo hapo, na baka linalobaki halifichiki.

Harufu ya mvutaji wa zamani ikibaki, jaza chumba pamba hadi chini kidogo ya ukingo, dondoshea spiriti mpaka pamba ilowe, na uache saa 12 hadi 24 kiko kikiwa kimeegemezwa shingo juu. Pamba itageuka kahawia kwa lami iliyoivuta kutoka kwenye mbao. Wengi hutumia chumvi badala ya pamba. Sisi tunaikataa kwa viko vya kale, kwa sababu chumvi ikiingia shingoni hukaza na kuvimba, na shingo ya miaka 80 hupasuka. Baada ya hapo acha kiko kikauke siku tatu au zaidi kabla ya kukivuta.

Ukingo mweusi wa lami hulainika kwa mate tu na pamba. Inashangaza watu, lakini mate hufanya kazi kuliko maji na hayali rangi. Maliza kwa safu nyembamba ya nta. Kwenye Shell na viko vingine vilivyopulizwa mchanga, paka nta kwa mswaki na kidogo sana, isije ikajaza mabonde.

Mdomo umekuwa wa kijani na una ladha mbaya. Nifanyeje?

Hiyo ni salfa iliyotoka juu ya vulkanaiti kwa jua na unyevu. Kwanza paka mafuta ya mgando juu ya doa, nukta au herufi ya mtengenezaji ili kuikinga. Sugua kwa msasa wa maji namba 400 pale palipoharibika sana tu, kisha 600, 800, 1000 na 2000, kila mara ukitumia maji na ukibadilisha mwelekeo ili uone mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha. Ukiruka namba moja, mikwaruzo yake itaonekana baada ya kung'arisha na itabidi urudi nyuma. Malizia kwa dawa ya kung'arishia plastiki na kitambaa.

Wakati wa kusugua karibu na kiungo, rudisha mdomo shingoni ukiwa na kipande chembamba cha plastiki kilichotobolewa kati yao. Bila kinga hiyo utaviringisha kona ya mdomo, na ule mkutano usio na ngazi uliosifiwa hapo juu utapotea milele.

Jiki inaondoa ukijani kwa saa chache, ndiyo, lakini hula uso wa mpira na kuuacha na vishimo, na unalazimika kupiga msasa mwingi kuliko kama usingeitumia.

Kuna alama za meno. Zinaondoka?

Mabonde yasiyotoboka huinuka yenyewe kwa joto, kwa kuwa vulkanaiti hukumbuka umbo ililopewa mwanzo. Chovya sehemu ya meno kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, tazama, rudia. Tia waya wa kusafishia ndani kwanza ili tundu lisizibe. Joto hilohilo huweza kunyoosha mdomo uliopindwa, kwa hiyo uchovye sehemu ya mwisho tu. Yaliyobaki, na matundu madogo, hujazwa kwa mchanganyiko wa supa gluu na unga wa mkaa, unaachwa ukauke usiku kucha, kisha unapigwa tupa na msasa.

Ulimi umelegea, mdomo unadondoka.

Mara nyingi shingo imekauka. Kivute mara chache, mbao itavimba na kukaza. Usipokaza, pasha ulimi joto polepole, sukuma ndani ya tundu lake ncha ya kekee iliyo nene kuliko tundu kwa sehemu ndogo ya milimita, acha ipoe humo. Ulimi uliokaza kupita kiasi haukatwi. Upake penseli laini, ingiza na utoe mara kadhaa, na kwa kawaida hiyo inatosha.

Mambo gani nisifanye kamwe?

Usipige msasa karibu na muhuri, hata mmoja, hata kidogo. Usipake vanishi: inaziba mbao, kiko hupata moto, na rangi hutoka mapovu. Usioshe bori kwa kuliloweka. Usigonge bori kwenye kitu kigumu kutoa majivu, shingo ndiyo inayovunjika. Usibadilishe mdomo wa asili kwa sababu tu umechakaa, kwani nusu ya kiko cha Kiingereza ni mdomo wake.

Ninaishi Pwani. Nitunzeje viko?

Unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar huleta ukungu ndani ya chumba ndani ya wiki chache, na jua la dirishani hugeuza mdomo rangi kwa muda mfupi. Weka viko kwenye droo au kabati lenye giza linalopitisha hewa, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Baada ya kuvuta, pitisha waya, uache kiko kipumzike angalau siku moja, au mbili wakati wa masika. Futa mdomo kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya zeituni. Ukungu ukionekana, pamba na spiriti kama ilivyoelezwa, kisha hewa kavu.

Kiko changu kimeandikwa "Kiko" na kina tembo. Ni cha Kiingereza?

La. Hicho ni cha Arusha. Katika miaka ya 1950 na 1960 Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza viko kwa kutumia jiwe jepesi jeupe kutoka bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Vingi ni bori la braia lililotandikwa jiwe hilo ndani, na vingine vimevikwa ngozi. Wauzaji wa Ulaya mara nyingine huvitia kwenye fungu la viko vya Kiingereza bila kujua. Usikwangue ndani ya kiko cha namna hii kwa kikwangulio cha chuma, maana utando wa jiwe hubomoka. Futa kwa karatasi laini kila baada ya kuvuta, usiache ukoko ujengeke.

Kuvuta kiko kuna madhara madogo kuliko sigara?

Usitegemee hilo. Moshi wa kiko husababisha saratani ya kinywa, koo na mapafu hata usipouvuta hadi kifuani, na nikotini yake huleta uraibu. Wakusanyaji wengi hawavuti kabisa. Kiko kilichosafishwa na kupakwa nta kinakaa kwenye mkusanyo kwa miaka mingi bila kuwashwa.

Sina fedha za Dunhill. Nianze na kipi?

Tafuta majina ya daraja la pili ya viwanda vilevile. Parker ilianzishwa na Dunhill katika miaka ya 1920 kwa mabori yaliyokuwa na kasoro ndogo za uso. Guildhall ni ya Comoy's, na utaitambua kwa mistari mitatu ya chuma iliyopachikwa kwenye mdomo. Kasoro zenyewe kwa kawaida ni kishimo cha mchanga kilichozibwa kwa lipu ya rangi, kisichoathiri uvutaji. Kipime kwa vipimo vya swali la ubora: uzito, waya, ukucha kwenye kiungo, unene wa mdomo. Kikipita vyote vinne na shingo haina ufa, kinunue, hata kama doa la lipu yake ni kubwa. Kiko kisicho na jina kabisa, kilichoandikwa LONDON MADE peke yake, kipimwe vivyo hivyo. Vingi vilitoka karakana hizohizo kwa ajili ya maduka ya tumbaku yaliyotaka kuweka majina yao wenyewe.